Filamu za Bure na Mama Mkwe

Ujerumani ina filamu za bure nyingi kuliko jioni za kuzitazama. Vituo vya umma kama ARD, ZDF na Arte vimejaza mtandaoni tamthilia, vichekesho na kesi za mauaji zisizokwisha. Hulipi kiingilio, unabonyeza tu. Tatizo ni kwamba bure hiyo inalipiwa: kila kaya hutoa euro 18.36 kwa mwezi, uwe na televisheni usiwe nayo. Ndiyo maana sisi tuishio Hamburg hutazama kwa bidii ya mtu aliyetoa mchango wa harusi: sahani lazima ijae.

Mtihani ulikuja mama mkwe alipotutembelea kutoka Tanga, mwezi Juni. Sheria ya huku ya kulinda watoto inataka filamu ya umri wa miaka 16 ifunguliwe mtandaoni kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na ile ya miaka 18 isubiri saa tano, isipokuwa kama mtazamaji amethibitisha umri wake. Waliopanga hivyo waliamini kuwa saa hizo wa kuonewa haya wote wamelala. Mama mkwe hawakumfikiria. Hamburg mwezi Juni jua huzama karibu saa nne. Mama anamaliza kuswali magharibi wakati uleule filamu za wakubwa zinapofunguliwa, kisha anajikalia sebuleni na tasbihi yake kungoja isha, ambayo haina haraka.

"Mwanangu, weka basi picha tutazame."

Mke wangu akachagua ya miaka 12, tukajua tumepona. Kumbe bodi ya FSK, ambayo imekuwa ikizipanga filamu kwa umri tangu 1949, hushtushwa na damu zaidi kuliko ngozi. Haukupita muda, ukoo mzima ndani ya filamu ukawa unaoga ziwani kama ulivyozaliwa. Nikanyakua rimoti niisogeze mbele. Badala ya kusogea, filamu ikawasha maelezo ya wasioona: sauti nzito ya mwanamume ikaanza kusimulia, taratibu na kwa ufasaha, kila kilichokuwa kikionekana pale ziwani.

"Huyu anayesema ni nani, mbona hatumwoni?"

"Msimulizi, mama. Anawaeleza wasioona."

"Heri yao," akasema, akaendelea na tasbihi.

Kesho yake tukahamia tamthilia ya mapenzi ya mjini Berlin. Manukuu yalikuwepo, ila kwa Kijerumani, kwa ajili ya wasiosikia vizuri. Ikabidi nijifanye Lufufu, yule mfasiri wa filamu wa Tanzania, niingize Kiswahili papo hapo. Kazi ilikwenda vizuri hadi wapenzi walipofika kitandani wakinong'onezana. Nikatafsiri kwamba wanajadili kodi ya nyumba.

Mama akatazama kidogo. "Kodi yenyewe lazima ni kubwa, mpaka nguo wameuza."

Aliyetuokoa ni Lotte Reiniger. Kati ya 1923 na 1926 msanii huyu, na timu yake ndogo, alikata vivuli kwa mkasi na kuvipiga picha kimoja kimoja hadi ikapatikana *Die Abenteuer des Prinzen Achmed*, filamu ndefu ya uhuishaji iliyo kongwe kuliko zote zilizosalia duniani. Haina sauti za watu, na visa vyake vimetoka Alfu Lela Ulela. Basi kazi ya Lufufu ikahamia kwa mama mwenyewe: farasi wa kuruka, taa ya Aladini, majini, vyote alivijua tangu utotoni. Alilalamika mara moja tu, mchawi mbaya alipotambulishwa kuwa Mwafrika. "Hapo wametusingizia." Kisha Peri Banu akavua vazi lake la manyoya aingie ziwani kuoga, na mimi nikaanza kuitafuta rimoti.

"Iache," akasema mama. "Huyu mwanamke ana adabu. Kaonesha kivuli tu."

Aliporudi Tanga, shemeji yangu alijaribu kumfungulia zile za vituo vya umma. Nyingi zilikataa, kwa kuwa haki za filamu huuzwa nchi kwa nchi. Nyingine zilikuwa zimekwisha kuondolewa, muda wa leseni ulipomalizika. Kwa walio mbali na Ujerumani, salama ni zile za kale ambazo hakimiliki yake imekwisha, kama *Nosferatu* ya 1922: unaitazama kihalali, na Kijerumani hakihitajiki sana, maana vampaya haongei.

Nanyi mlioko huku mnaotarajia wakwe, msiwaalike Juni. Waalikeni Desemba. Isha ya Hamburg huingia kama saa kumi na mbili jioni, na ikifika saa nne mama amelala zamani.