Uamkie Mlango Kwanza

Ukifika Óbidos, libebe begi lako begani. Usiliburute. Vichochoro vya mji huu mdogo wa Ureno vimesakafiwa kwa mawe yasiyolingana, na magurudumu ya begi hulia juu yake kama mkokoteni wa muuza maji. Mtaa mzima utajua umewadia kabla hujakifikia kizingiti. Mtu anayekwenda kulala kwa mzee hapigi kelele njiani.

Nasema mzee kwa makusudi. Mji umezungukwa na ukuta wa zama za kati, na ndani ya ukuta huo kuna nyumba kongwe zilizogeuzwa hoteli za vyumba vichache. Ngome yenyewe, iliyokaa juu kabisa ya kilima, ni hoteli tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, mojawapo ya zile ambazo Wareno huziita pousada. Pousada ya kwanza ilifunguliwa Elvas mwaka 1942, na baadaye mpango huo wa serikali ukaingia kwenye ngome na nyumba za watawa. Mimi nililala chini ya ngome, katika nyumba ambayo ukuta wake wa nyuma ndio ukuta wa mji. Nilikaa siku tatu za Februari, na nilitoka na imani moja: wengi wanaozilalamikia nyumba hizi hawakukosewa na nyumba. Waliingia bila hodi.

Basi anza na mlango. Ni mfupi, umefungwa kwa mbao nzito, na juu yake limelala jiwe moja refu lisilomhurumia mtu yeyote. Inama. Inama hata kama wewe si mrefu, maana ndani kuna kidato cha kushuka, na aliyeinama huona anapokanyaga. Wazee wetu walisema mgeni huamkia. Hapa mlango unakuamkisha wenyewe. Ukishaingia, simama kidogo macho yazoee giza. Mji huu ulitekwa na mfalme Afonso Henriques kutoka mikononi mwa Waislamu mwaka 1148, na mwaka 1282 mfalme Dinis akampa mkewe Isabel kuwa zawadi ya ndoa. Kwa karne nyingi baadaye ulikuwa mali ya malkia wa Ureno. Dakika mbili za kusubiri macho yako si nyingi.

Kabla ya kulipia chumba, uliza mambo matatu: ngazi ni ngapi, bafu liko wapi, na chumba kinapashwa joto na nini. Usione haya. Ngazi za nyumba za aina hii ni nyembamba, kila kidato na kimo chake, na mama mwenye magoti mabovu anastahili kujua mapema apewe chumba cha chini. Hakuna lifti na hakuna pa kuiweka. Kutoboa tundu la lifti kungekuwa kuitoa nyumba matumbo.

Sasa tuje kwenye baridi, na hapa naomba unisikilize vizuri. Jiwe nene halipokei joto haraka wala haliliachi haraka. Katikati ya Agosti, nje jua linawaka, utaingia chumbani na kukuta ubaridi wa mtungi. Lakini Februari ukuta huohuo bado unatoa baridi iliyouingia Januari. Mgeni anayewasha hita saa nne usiku, anapotaka kulala, atatetemeka hadi alfajiri kisha ataandika kwamba hita ilikuwa mbovu. Iwashe alasiri. Funga vibao vya dirisha jua linapotua, si baadaye. Kitanda kikiegemea ukuta wa nje, kisogeze inchi chache. Na saa sita mchana, hata kama kuna baridi, fungua dirisha kwa robo saa, hewa iliyopumuliwa usiku itoke.

Usianike nguo mbichi chumbani. Hili si agizo la kukukera. Nyumba hizi zilijengwa kwa mawe na chokaa, na chokaa hupumua: maji yanayoingia ukutani hutoka polepole kupitia plasta yake. Saruji haipumui. Nyuma ya mlango wa chumba changu palikuwa na kiraka cha saruji, ukubwa wa sinia la pilau, ambacho fundi fulani alikipachika zamani. Saruji yenyewe ilikuwa nzima, ngumu, ya kijivu. Chokaa iliyoizunguka ndiyo iliyokuwa ikifa. Ilivimba, ikafanya magamba, na ukiigusa kwa kidole ilidondoka kama unga wa muhogo. Maji yalikuwa yamezibiwa njia pale katikati, yakatafuta pengine pa kutokea. Niliutazama ukuta ule kwa muda mrefu, kwa sababu nimeuona Lamu na nimeuona Mji Mkongwe wa Unguja. Matumbawe na chokaa ya kwetu huuawa kwa namna ileile, na mara nyingi na mtu mwenye nia njema na mfuko mmoja wa saruji. Kwa hiyo nikikuambia usilijaze bafu mvuke huku umefunga kila kitu, jua kwamba nauombea ukuta.

Intaneti nitaisema kwa ufupi. Mawimbi hayapiti kwenye jiwe la unene ule. Nenda kakae dirishani.

Na ukienda dirishani hutataka kurudi. Kwa kuwa ukuta ni mnene, wajenzi walichonga ndani ya unene huohuo viti viwili vya mawe vinavyotazamana, kimoja kila upande wa dirisha. Wareno huviita conversadeiras, viti vya mazungumzo. Ni binamu wa baraza zetu, ila baraza hukaa nje na kumkaribisha apitaye, na hivi hukaa ndani na kumtazama apitaye. Weka mto, kwa maana jiwe lina baridi, chukua kikombe chako, na umwite uliyekuja naye. Miguu yenu itagusana. Nafasi haitoshi kukaa kila mtu kivyake. Hakuna chumba cha hoteli mpya kilichowahi kunilazimisha kuongea na mtu kwa upole namna ile.

Usiondoke jioni. Hili ndilo kosa kubwa la wageni wa Óbidos, nami ningeliandika langoni kama ningeruhusiwa. Kutoka Lisbon ni kama kilomita 80 tu, basi huchukua saa moja hivi, na watu hufika asubuhi, hupanda mtaa wa Rua Direita, hununua kileo cha ginja kwenye kikombe cha chokoleti (asiyekunywa ale kikombe kitupu, nacho ni kitamu), hupiga picha, huondoka. Saa kumi na mbili jioni mabasi yamekwenda. Ndipo mji unapotoa sauti yake: kitasa kinachofungwa, sahani zinazooshwa, paka juu ya vigae. Mwenye nyumba ya wageni anaposema vyumba vya usiku ndivyo vinavyoweka paa, mwamini. Nyumba ya mawe isiyolaliwa hufa. Huanza paa, maji yakaingia vichwani mwa kuta, kisha kila kitu hufuata. Kitanda chako cha usiku mmoja ni sehemu ya chokaa ya mwaka ujao.

Asubuhi na mapema, kabla mabasi hayajarudi, panda ukutani. Njia ya juu ya ukuta huuzunguka mji kwa karibu kilomita moja na nusu, na upande wa ndani haina ukingo wa kushikilia. Hakuna kamba, hakuna reli, ni wewe na jiwe. Vaa viatu vya mpira. Mvua ikiwa imenyesha, usipande. Mawe huteleza kama mwani. Mtoto mdogo abaki chini na mtu mzima, hata akilia. Ukikutana na mtu njiani, anayeshika upande wa ukuta asimame, mwingine apite taratibu. Kutoka huko utaona mashamba ambako zamani maji ya wangwa yalifika karibu na kilima. Mchanga ulijaa, bahari ikajitenga. Watu wa pwani tunaijua hadithi hiyo bila kusimuliwa.

Nami nilisimama juu ya ukuta ule nikiwa na jambo moyoni, na sitaki kulificha. Waliopiga Kilwa na Mombasa mwaka 1505 walitoka katika nchi hii. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, ni kazi yao. Mswahili anayelala ndani ya kuta za Wareno halali kama mgeni mwingine. Sishauri mtu asiende. Nashauri aende akijua, na akumbuke kwamba waliondoka wakatuachia maneno, nayo tunayatumia bila kuwafikiria.

Siku ya mwisho mama mwenye nyumba alikuja kubadili matandiko nikiwa bado nafunga begi. Alichomoa mto, akaomba nimpe kitu kilichokuwa kitini karibu nami. "Fronha," alisema. Nikampa, nikamwambia kwamba nasi tunaiita foronya. Akacheka, akadhani namwigiza. Tukaanza kuvihesabu vilivyokuwamo chumbani, kwa Kireno kidogo na Kiingereza kidogo. Mesa, meza. Copo, kopo. Lenço, leso. Akanivuta dirishani kunionyesha bendera juu ya ngome, na hata neno hilo nilikuwa nalo tayari. Kisha akanyoosha kidole kwenye kanisa lililoko chini yetu: igreja. Gereza, nikasema. Alifurahi, akataka kujua kama kwetu nako watu huenda Jumapili.

Nikamweleza. Kwamba neno lilianzia kanisani kwao, likahamia ngomeni Mombasa, na kwamba ngome ile Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958, na kwamba leo gereza ni mahali mtu anapofungwa, hakuna maana nyingine.

Hakusema neno kwa kitambo. Aliuingiza mto kwenye foronya, akaivuta hadi pembe zote nne zikakaa, akaupiga mara mbili kwa kiganja. Kisha akaniuliza kama usiku nilisikia baridi, maana mtu wa chumba kile hupewa blanketi la pili na yeye alikuwa amesahau kunipa.