Hongera kwa Gari la Umeme, Shemeji

Hongera, shemeji. Sisi wengine wa mtaa wa Kamenge tunakesha kwenye foleni ya petroli, au tunatuma vijana Uvira, ng'ambo ya mpaka, wakatuletee dumu kwa bei ya kulia. Wewe unapita kimyakimya, hata kuku hawastuki.

Na kazi za ukoo zote sasa ni zako. Mama mkwe apelekwe Hospitali ya Mfalme Khaled, watoto wafuatwe shule, mkaa na unga vitoke sokoni. Jumapili kuna posa Muramvya: kupanda Bugarama betri inanywewa kama pombe ya harusi, kushuka inarudishiwa kidogo na breki.

Chaja yako ya umma tunaijua. Ni ile soketi ya baa, nyuma ya friji. Unaagiza Primus moja, unaivuta kwa saa tano, na waya umepita chini ya meza za watu. Soketi ya kawaida hutoa kama kilowati mbili, kwa hiyo unaondoka na kilomita 60 hivi, umeme usipokatika. Nao hukatika! Maporomoko ya Rusumo hutoa megawati 80, tena sisi Warundi tunagawana na Rwanda na Tanzania. Hapo mama mkwe hupanda teksi, nawe hubaki ukilinda gari.

Endesha tu, shemeji, hatuna kinyongo. Ila ukichomoa waya, mlipe mwenye baa umeme wake wa kashipawa. Primus moja haitoshi.