Mwongozo wa Kwenda Kunywa Tembo Mpaka Liishe

Ukiwa Usagara, Tanga, jua limeshalegea upande wa Pongwe na upepo wa bahari umeanza kuingia mitaani, huenda ukamsikia mtu akimwambia mwenzake, "Tembo limeshashuka." Usitafute mti wa kukimbilia. Mwenye mkonga angekuwa "ameshashuka." Hili la "li" ni la kibuyu, linashuka mnazini na mgema, na kama una adabu zako na njaa yako, limeshuka kwa ajili yako pia.

Naandika kwa sababu nimewaona wengi wakiingia kilabuni kama wanaoingia dukani: wanaagiza, wanakunywa, wanalaumu, wanaondoka. Kilabu cha tembo cha mtaani, chenye jiko lake nyuma na mabenchi yake chini ya mwembe, kina utaratibu wake. Ukiufuata, utakula vizuri, utakunywa kitu ambacho hakikutoka kiwandani, na kesho utakikuta kilabu mahali pake.

Hatua ya kwanza: jua unakwenda kunywa nini

Tembo ni maji ya mnazi, lakini si yale ya dafu. Mgema hulifuata karara kabla halijapasuka kutoa maua. Hulifunga kwa kamba, hulipinda kidogo kidogo siku hadi siku lielekee chini, kisha hulikata ncha kwa kotama, kisu chake kipana kilichopinda. Hapo hudondoka utomvu mtamu, tone kwa tone, ndani ya kibuyu kilichoning'inizwa. Asubuhi hupanda, humimina kilichojaa, hulichonga karara upya wembamba wa ukucha ili jeraha lisizibe, hushuka. Jioni hurudia. Njia yake ni vidato, yale makato yaliyochongwa kwenye shina. Kabla wanafunzi wa Sekondari ya Usagara hawajaanza kusema wako kidato cha pili au cha nne, neno hilo lilikuwa la mnazini, na mgema huvimaliza vidato vyake vyote mara mbili kwa siku, kwa kila mnazi.

Mnazi wa kawaida humpa lita moja au mbili kwa siku. Na karara linalogemwa ndilo lile lile ambalo lingezaa nazi. Basi kila kata ya tembo unayoishika mkononi ni nazi ambazo hazikuzaliwa. Linywe kwa heshima hiyo.

Tena hili ni pombe hai. Hakuna anayelitia hamira: chachu iko hewani, iko kwenye karara, iko kwenye kibuyu cha jana, na kuchacha kunaanza tone la kwanza likishaanguka. Mwaka 1971 Waingereza wanne waliokuwa matembezini Ireland waliunda chama, leo kinaitwa CAMRA, cha kutetea bia inayoendelea kuchacha ndani ya pipa mpaka siku ya kunywewa, isiyochujwa ikafa wala kupigwa gesi ili ionekane hai. Walichokipigania wanakielewa wagema wote wa pwani yetu, kuanzia Pangani mpaka Kilifi, ambako pa kunywea mnazi huitwa mangweni: kinywaji chenye uhai hakisubiri, na anayekipenda ndiye anayekifuata.

Hatua ya pili: fika kwa saa yake

Lililogemwa asubuhi ni tamu, jeupe kama tui jepesi. Mchana kutwa linapanda. Jioni limekolea: utamu ungalipo, lakini linauma ulimi kidogo, na povu linajitokeza lenyewe bila kutikiswa. Hiyo ndiyo saa ya kukaa. Lililolala ni kali, na likiendelea kulala ni siki. Siki hiyo nayo si hasara, inaingia kwenye kachumbari na achari. Wapishi wa zamani wa pwani waliumulia vitumbua na mkate wa kumimina kwa tembo kabla hamira ya pakiti haijajaa madukani, kama wenzao wa Kerala na Sri Lanka wanavyoumulia mikate yao mpaka leo. Kwa hiyo usiulize tu "tembo lipo?" Uliza "la lini?" Swali hilo moja litakuonyesha kuwa wewe si wa kuja leo na kuondoka leo.

Kuna saa ya tembo na kuna saa ya watu. Tanga ni mji wa misikiti, na kilabu kinaishi kwa ustahimilivu wa majirani wasiokunywa. Adhana ikitoka, redio inashushwa na sauti zinashuka nayo. Mwezi wa Ramadhani, usiende wala usirudi na chupa imeshikwa wazi mkononi. Na ukiwa na rafiki asiyekunywa, usimtanie wala usimsihi. Hata lile tamu la asubuhi limeshaanza kuchacha, basi usimdanganye kuwa ni sharubati. Mwagizie dafu, akae, ale. Kilabu chenye jiko kina nafasi yake.

Hatua ya tatu: salimu kabla ya kuagiza

Mwenye kilabu hutamkuta mlangoni. Yuko jikoni, na ndiko salamu yako inakotakiwa kwenda kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Zingatia swali hilo. Hakuuliza unakunywa nini. Wengi hujibu "nimeshiba" ili wakimbilie kata, nami najua jinsi mama anavyowatazama wote wanaojibu hivyo. Jibu sahihi ni "bado," hata kama ulionja kitu njiani.

Kisha zunguka mabenchi, uwasalimu wazee mmoja mmoja kwa mkono. Usikae penye nafasi tupu mpaka umeuliza, kwa maana nafasi nyingine ni ya mtu ambaye amekaa hapo tangu wewe hujazaliwa na sasa hivi amekwenda msalani tu.

Hatua ya nne: kula kwanza

Hapa nisikilize vizuri, kwa sababu hii ndiyo hatua inayobeba nyingine zote. Tembo kwenye tumbo tupu ni ugomvi. Lakini zaidi ya tumbo lako, chakula ndicho kinachokiweka kilabu kuwa kilabu.

Jioni moja nilikaa karibu na jiko nikamtazama mama akiuandaa muhogo. Aliupasua katikati kwa urefu, akautoa ule uzi mgumu wa ndani kwa ncha ya kisu, akaulaza kwenye wavu juu ya makaa ya vifuu. Hakuugeuza mpaka kingo zake zilipoanza kupata rangi ya kahawia. Kisha aliupasua tena kwa kidole gumba, mvuke ukatoka, akaukamulia ndimu, akapaka pilipili iliyosagwa na chumvi, akanipa kwenye sahani ya bati. Pembeni alikuwa na pweza aliyeshapigwa na kuchemshwa mapema, sasa anamkausha juu ya moto ule ule. Mnyiri mmoja mmoja aliukata vipande vya kuchoma na kijiti. Ule unga wa muhogo, ile chumvi ya pweza, ile ndimu: mdomo wenyewe ndio ulioliita tembo. Nilipopata kata ya kwanza nikaelewa kuwa kinywaji kile kimekua pamoja na vyakula vile, ufuo mmoja, udongo mmoja.

Kukiwa na bada, ule ugali mweusi wa unga wa muhogo, na mchuzi wa papa au kisamvu cha nazi, usilete maswali, agiza. Kukiwa na changu wa kukaanga aliyetoka kwenye mitumbwi ya Sahare asubuhi ile, agiza. Kukiwa na muhogo tu, agiza muhogo. Kinacholika kwa mkono kinakuzuia kunywa kwa haraka, kwa sababu mkono mmoja una kazi.

Hatua ya tano: onja, tazama, ndipo ulipe

Mwambie mama akuonyeshe linavyochujwa. Nyuki na sisimizi wanalipenda tembo kabla yako na huanguka kibuyuni. Hilo si aibu ya mtu, aibu ni kutokuchuja. Zamani walichujia kilifu, ule utando wa nyuzi unaofunga makuti kwenye shina, na wapo wanaouchagua mpaka leo. Chujio la kawaida nalo ni zuri, bora liwe safi na chombo kiwe kimesuuzwa kwa maji ya moto.

Kisha piga fundo moja dogo, ulizungushe mdomoni. Tembo zuri lina mwili: linaanza na utamu, linapita kwenye uchachu, linaacha harufu ya nazi mbichi na mkate unaoumuka. Lililotiwa maji linakuja na kupotea hapo hapo. Ukilikuta hivyo, usipige kelele. Rudisha kata taratibu, mwambie mama peke yake, kwa sauti ya chini. Mtu aliyekwambia "umekula?" anastahili kuambiwa kosa lake bila hadhara.

Hatua ya sita: usimsifu mgema kwa mdomo

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tunaisema methali hii tangu utotoni, na kila mara lawama zote tunambebesha mgema: amepanda kichwa, amelewa sifa. Mimi naomba tupige hesabu kwanza.

Chukua mgema mwenye minazi kumi. Kwa lita moja na nusu kila mnazi, anashuka na lita 15. Wanywaji 15 wanamtosha, kila mmoja lita yake, na hakuna haja ya tone la bomba. Sasa sifa zikasambaa Ngamiani mpaka Chumbageni, jioni moja wakaja 30, wote wana kiu, wote wamesikia. Mnazi hausikii sifa. Karara linadondosha vile vile. Mgema amesimama na lita 15 na midomo 30, na hao 30 hawataki kusikia kwamba limekwisha. Wamepanda bodaboda, wamewaahidi wenzao, wanagonga meza. Ni nani hapo aliyelitia tembo maji? Mkono ni wa mgema, lakini ndoo tumemshikia sisi.

Basi msifu kwa namna isiyomwongezea midomo. Mlipe papo hapo, bila deni la "mwisho wa mwezi." Akitaja bei, usimkate, kwa kuwa umeviona vidato alivyovipanda. Akiteremka, mpishe, mwite mzee hata kama ni kijana kuliko wewe. Na urudi kesho kutwa, mtu yule yule, lita ile ile. Mteja mmoja anayerudi mara kumi ni sifa kubwa kuliko watu kumi wanaokuja mara moja.

Hatua ya saba: likiisha, kaa

Neno la ukweli kuliko yote kilabuni ni "limekwisha." Kilabu kisicholisema neno hilo kamwe, kiogope. Kinakupa maji, au kinakupa la juzi, au kinakupa kitu ambacho hakikutoka mnazini.

Mtu akikunong'oneza kwamba lipo jingine nyuma ya nyumba, la kwenye chupa ndogo, kataa. Gongo ni haramu kwa sheria za nchi, na hujui limepikwaje. Hata viroba, vile vipakiti vya pombe kali vilivyopigwa marufuku Machi 2017, ubaya wake mmoja ulikuwa kwamba viliweza kunywewa na mtu peke yake, njiani, bila salamu, bila sahani, bila mzee wa kumwambia inatosha. Tembo halinyweki hivyo. Na ukishalinywa, pikipiki iache ilale pale pale. Miguu inaijua Usagara.

Sasa utaona kwa nini nilikusisitiza kula. Mwenye kilabu anayeuza tembo peke yake, limekwisha kwake maana yake ni hasara, na hasara ndiyo inayomtuma bombani. Mwenye jiko anaweza kulisema neno hilo bila hofu, kwa sababu makaa bado yanawaka na pweza bado yupo. Sahani yako ndiyo inayolilinda tembo lisitiwe maji.

Wiki iliyopita nilichelewa. Nilipofika, vibuyu vilikuwa vimeinamishwa juu ya benchi, vinakauka.

"Limekwisha, mwanangu," mama akasema, na hakuinua macho kwenye wavu wake.

Vijana wawili waliotangulia mbele yangu waligeuka wakaondoka. Mimi nikakaa. Mgema alikuwa kwenye kona, amekunja miguu, ananoa kotama kwenye jiwe la maji, polepole, upande huu na upande huu. Nikala bada na papa mpaka sahani ikang'aa. Nilipoinuka kulipa nikamuuliza mama kama kesho litakuwepo.

"Likidondoka," akasema, akaweka muhogo mwingine motoni.