Sifa za Husuma ya Programu

Wamesifiwa wafalme, yakasifiwa mashamba ya chai ya Nyamira na mawe ya Tabaka yanayochongwa hata yakavuka bahari, walakini sijamsikia mtu mwenye insafu aliyeketi akaisifu ile nizaa inayozuka ndani ya kompyuta pindi programu mbili zinapogombea kazi moja. Nami, kwa kuwa dhuluma hiyo imedumu mno, nimeazimia kuiondoa leo.

Mtazame kijana aliyehitimu Chuo Kikuu cha Kisii, akapanga kijichumba ghorofani karibu na soko la Daraja Mbili, akamwahidi mwenye duka la pembejeo kule Keroka kumtengenezea mfumo wa kuhesabu bidhaa. Asubuhi anafungua XAMPP, kifurushi cha zana za kujengea tovuti, anabonyeza kitufe cha kuanzisha MySQL, mtunza hifadhidata, jina linageuka kijani kidogo kisha linafifia, na chini yake maandishi mekundu yanatangaza kwamba MySQL imezimika ghafla, huenda kwa kuwa poti, yaani mlango wake wa mawasiliano, imezibwa, au kuna kitu kinakosekana, au ruhusa haitoshi, au programu imeanguka, au imezimwa kwa njia nyingine. Ukarimu ulioje! Mtu aliuliza sababu moja, akapewa tano, achague aipendayo.

Hakika yenyewe ni kwamba zamani kidogo, kwa ajili ya somo jingine, alisakinisha MySQL ya pili, nayo huamka yenyewe kila Windows inapowashwa, ikaikalia poti 3306, ile ile anayoitaka ndugu yake wa XAMPP. Apitaye Keroka hatastaajabu: mji ule umekalia mpaka, Kisii ikiudai na Nyamira ikiudai, na tangu kaunti zianze kazi mwaka 2013 zimevutana juu ya nani atoze ushuru sokoni, muuza ndizi akiwa katikati na kibeti chake. Ila katika kompyuta hakuna tume wala mahakama. Aliyetangulia kuketi ndiye mwenyeji, na rufaa haisikilizwi.

Hapo ndipo fadhila ya husuma inapodhihiri, maana kijana ambaye programu zake zimesikilizana maisha yote atazeeka bila kuijua amri ya netstat -ano, inayofichua namba ya programu iliyoikalia poti, wala amri ya where python, inayozitaja kwa zamu nakala za Python, lugha ya kuandikia programu, ambazo kompyuta yaweza kuzifikia kwa jina hilo. Na zamu ndiyo sharia: kompyuta ikitajiwa jina hupekua folda zilizoorodheshwa katika PATH, moja baada ya moja, ikachukua la kwanza inalolikuta bila kujali umri wala ubora. Ndiyo sababu Python 2, iliyostaafishwa tarehe 1 Januari 2020, yaweza kuitikia mahali pa Python 3, ambayo ipo tangu Desemba 2008; na tangu mwaka 2019 Windows imeongeza kioja chake, faili ijiitayo python ambayo si Python hata kidogo, ila hukupeleka dukani kwa Microsoft, wakati mwingine hata kama uliyoitaka umekwisha kuisakinisha.

Tena husuma hukusanya majirani. “Mogaka, njoo uone maajabu,” kijana anamwita mwenzake wa chumba cha pili, naye anakuja na kikombe cha chai mkononi, anatazama kwa kitambo, kisha anatoa fatwa ya wote wasio na subira: futa kila kitu, usakinishe upya. (Waliofuta folda ya XAMPP, bila kukumbuka kwamba hifadhidata ya mteja ilikuwa humo ndani, Mungu awarehemu.) Mvua ya alasiri inaanza kupiga mabati, mwenye duka anapiga simu kutoka Keroka, anaambiwa kesho. Usiku ndipo dawa inapopatikana: katika my.ini, faili ya mipangilio ya MySQL, 3306 inageuzwa kuwa 3307, phpMyAdmin, dirisha la kuisimamia hifadhidata, inaarifiwa vivyo hivyo, basi. Siku nzima kwa tarakimu moja. Ni kazi gani nyingine iliyomsomesha mtu kwa kina hivyo kwa malipo madogo hivyo?

Basi ewe msomaji, ikiwa programu zako zinapatana leo, nakili hifadhidata ya mteja wako mahali pengine, wala usisakinishe chochote kipya hadi akulipe.