Nilivyosaidia Ajali

Lori lilikuwa limebeba magunia ya mihogo, na juu ya mihogo watu, na juu ya watu mbuzi, kama malori yote ya barabara ya taifa namba 5. Lilipofika karibu na kwetu Katogota likalala ubavu mtaroni, taratibu, kama mzee anayejinyoosha mkekani. Hakuumia mtu. Mbuzi mmoja tu ndiye aliyetimua mbio kuelekea mto Ruzizi, na mwenyewe anaapa mpaka leo kwamba alivuka na sasa ni Mrundi.

Mimi nilikuwa nimesimama kando nikitafuna muhindi wa kuchoma. Siku hizo, shule ikiwa imefungwa, nilikuwa nimepata kibarua cha miezi mitatu cha kujaza fishi, yaani fomu, za shirika moja la misaada, na shefu wetu, mgeni, hakujua Kifaransa wala Kiswahili. Kila tukio la barabarani lilipaswa kuandikiwa ripoti kwa Kiingereza. Jioni nikaketi chini ya taa ya sola, nikaanza kwa mwandiko wa kialimu: "I assisted the accident."

Asubuhi simu ikalia. Shefu aliongea polepole, kwa upole ule wa daktari mwenye habari mbaya. Alitaka kujua niliisaidia ajali hiyo kwa namna gani. Nikajibu kwa fahari: "From the beginning to the end."

Waliosoma kwa Kifaransa wameshanielewa. "Assister" yetu ni kuhudhuria: unahudhuria misa, mazishi, mechi, na ukiwa na bahati yangu, ajali. Kwa Waingereza neno hilo hilo limebaki na kusaidia tu. Kwa hiyo nilikuwa nimekiri kwa maandishi, na kwa sahihi yangu, kwamba lori lile nililiangusha mimi, mwanzo hadi mwisho, na muhindi mkononi.

Kosa langu lilikuwa imani. Tulipoanza Kiingereza sekondari, tuliambiwa tusiogope: chukua neno la Kifaransa, likate mkia, litamke kama mtu mwenye ugali wa moto mdomoni. Na mara nyingi inakubali! "Table" ni "table", "village" ni "village". Tangu William wa Normandie alipovuka bahari mwaka 1066 na kujitwalia kiti cha ufalme wa Uingereza, Kifaransa kimepenya Kiingereza kama mchanga katika ndagala zilizoanikwa ufukweni. Huwezi kula bila kutafuna punje mbili tatu. Ila neno lililokaa ugenini zaidi ya miaka 900 halirudi na tabia zake za zamani. Unalipokea kwa vigelegele vya ukoo, kumbe limeshaoa huko, limebadili dini.

Fishi zenyewe zilikuwa na mstari ulioandikwa "Location". Mkongomani gani asiyejua "location"? Si kodi ya nyumba? Basi nikapita mlango kwa mlango, kaya 40, nikiuliza mtu analipa kiasi gani kwa mwezi. Dola 10. Dola 15. Bibi mmoja anayekaa katika nyumba aliyojenga marehemu mume wake alinitazama kama nimemtukana, nami nikaandika "hakuna". Fishi zikaenda Bukavu. Huko, walipotafuta mahali watu hao wanapoishi, wakakuta kwamba mmoja anaishi dola 10, mwingine dola 15, na bibi yule haishi popote.

Lakini hayo yalikuwa ya karatasi, na karatasi huchanwa. La juisi lilikuwa la watu.

Mama mwenye duka ninakokopa alileta katoni za juisi kutoka ng'ambo ya mpaka, zimeandikwa Kiingereza kila upande. Akanishika mbele ya wateja.

"Mwalimu, hapa wanasema nini?"

Nikasoma: "No preservatives." Nikasita. "Préservatif" kwa Kifaransa ni kondomu, hakuna mtoto wa Kivu asiyejua. Mabango ya ukimwi yametufundisha. Nikainama nikamnong'oneza kwamba wanasema ndani hamna kondomu.

Mama akaigeuza ile boksi, akaitikisa sikioni. Kisha akauliza kwa sauti iliyofika mpaka barabarani: "Kwani zile zingine ziko nayo?"

Juisi zote za zamani zikadoda. Wiki nzima watu waliomba "ile ya bila". Baadaye ndipo nikajua kwamba Waingereza walimaanisha dawa ya kuhifadhi chakula kisioze. Kilichonipa nafuu kidogo ni kugundua kwamba Waromania, ambao lugha yao nayo ni mtoto wa Kilatini, wangeanguka shimo lile lile: "prezervativ" yao ni kondomu vilevile. Sijawahi kuonana na Mromania, ila nikimpata tutakuwa na mengi ya kuzungumza, mradi tusizungumze Kiingereza.

Nyumbani nako hakuna salama. Tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, binti yangu amekikazania Kiingereza, anasema wenzake wa Rwanda walishaanza kusoma kwa lugha hiyo tangu enzi za 2008 na yeye hataki kuachwa. Juzi alikwama kwenye kazi ya nyumbani.

"Papa, huyu mama iko na 'pain' ndani ya tumbo, wanamupeleka lopitali. Juu ya nini?"

"Ana maumivu."

"Hapana, Papa. 'Pain' ni mukate. Kama mukate iko ndani ya tumbo, shida iko wapi?"

Nilikosa jibu. Nilimwambia akalale.

Imebaki habari ya mshahara wangu wa mwezi wa tatu. Kazi ilipokwisha ulikuja ujumbe mfupi: "You will be paid eventually." Nikakasirika, maana "éventuellement" ya Kifaransa ni huenda, yaani tukipenda. Mwalimu mwenzangu aliyewahi kuishi Kampala akanicheka: kwa Kiingereza, alisema, ni mwishowe, utalipwa tu. Nikatulia, nikaenda dukani kwa mama wa juisi, nikamfafanulia neno hilo vizuri, akanipa mchele gunia zima kwa mkopo.

Mpunga wa bondeni umevunwa mara mbili tangu siku ile. Wiki iliyopita mama alinisimamisha.

"Mwalimu, lile neno lao, kwa Kifaransa ulisema ni nini?"

"Huenda."

Akatikisa kichwa, akafungua daftari lake la madeni. "Basi hao watu waliandika Kifaransa."