Mia Mbili ya Kuvuka Mtaro

Fundi viatu kasonya hata kahawa hajaionja. Greda limepita! Jana jioni lilikwangua udongo huku, likaumwaga kule, likaondoka zake. Sasa sisi tunaokaa hapa tunajua: masika ikipiga siku mbili tu, udongo wote huo uko mtaroni, mtaro umeziba, maji yamerudi barabarani. Mnh! Na karatasini pameandikwa "matengenezo".

"Mwulizeni diwani," akachomekea dereva wa bajaji.

Weee, hapo gumzo likanoga. Diwani ukimwuliza barabara siku hizi ni kumwonea. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS tangu 2000. Hizi zetu za mitaani zilikuwa za halmashauri, mpaka 2017 zilipopewa wakala wake, TARURA. Diwani anasimama barazani anasema mpaka jasho linamtoka, meneja wa wakala anaandika, kikao kinafungwa, watu wanakwenda kula. Madiwani wenyewe wamelalamikia jambo hili hadharani si mara moja. Lakini ukifika uchaguzi, ahadi ya kwanza ni ipi? Barabara! Mtu anakuahidi ng'ombe wa jirani, na wewe unashangilia.

Mzee mmoja hapa, aliyewahi kukaa kwenye vikao vya zamani, hataki tuulaumu wakala. Anasema enzi hizo kila diwani alivutia kata yake, fungu likakatwakatwa mpaka likabaki tripu chache za kifusi kila mahali. Sawa, mzee. Ila zamani tulimjua wa kumkaba koo.

Dereva wa bajaji haachi. "Mimi kila lita nalipa!" Na ni kweli. Mfuko wa Barabara unakula tozo ya mafuta, na bajeti ya 2021/22 iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya hizi hizi barabara za mijini na vijijini. Mimi kinachonikera zaidi ni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai, ardhi imekauka, siku nzuri kabisa za kuchimba. Lakini fedha mpaka zitoke, zabuni itangazwe, mkandarasi apatikane, asaini, alete mitambo, tayari wingu limetanda. Kazi ya kiangazi tunaifanya na mwavuli mkononi.

Mwende mkaangalie pale kwenye kalavati lililobomoka. Mvua ikinyesha, vijana wanatandika mbao mbili juu ya matofali. Mmoja anakushika mkono, mwingine kakinga kiganja. Mia mbili. Mama wa samaki mia mbili, mwenye suti mia tano maana hana ujanja, mwanafunzi mwenye sare anapita bure. Na ubao ukipasuka haupiti muda umebadilishwa, bila kikao wala muhtasari. Usipobadilishwa, hawali.

Mzee mwingine, mtu wa Unguja, akacheka. Kwao Jozani, ndani ya hifadhi, kuna njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko. Maji ya chumvi yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, msumari unaliwa na kutu, ubao unaoza kwa chini huku juu unauona mzima. Njia kama hiyo haisubiri mwaka wa fedha. Mgeni katoa kiingilio chake kuona mikoko, utamwambia nini akitumbukia mguu mzima?

"Kwa hiyo na mtaani tuweke kiingilio?" fundi viatu akauliza, na ukali juu.

"Si umeshalipa? Kwenye lita!" akajibiwa. "Bajaji unayopanda inakunywa maji?"

Jumamosi kuna mkutano wa mtaa. Watu watapiga kelele za lami, najua, maana lami ina uzinduzi, ina utepe, ina picha na mgeni rasmi. Kuzibua mtaro hakuna anayekuzindulia. Mimi nimewaambia, nikipewa kipaza sauti sitamwomba mtu lami. Nitauliza mitaro inazibuliwa mwezi gani, na kazi hiyo ni ya nani kwa jina la cheo chake. Akinijibu "mchakato unaendelea", siku ya mvua aje avuke kwa zile mbao mbili. Na mia mbili atoe.