Namna ya Kuulizia Ukoo wa Pamba: Mwongozo kwa Mkazi wa Bariadi

Posa Usukumani huanza kwa kuulizia ukoo. Mche wa pamba nao una ukoo wake, na kuuliza vizuri ni kazi ya furaha kuliko watu wanavyodhani. Usihangaike na njegere za Mendel, mwanzilishi wa elimu ya urithi. Yeye alikuwa Brno, wewe uko Bariadi, na mbegu za UK91 na UKM08 zimetoka hapo jirani tu, Ukiriguru.

Tafuta mche wenye shina na majani mekundu, uuoze kwa mche wa kijani. Jioni, fungua ua la mche wa kijani litakalochanua kesho, ondoa sehemu zote zenye chavua, ulifunike. Asubuhi lipake chavua ya mche mwekundu, ulifunike tena upesi, maana nyuki wa Simiyu hawasubiri mwaliko.

Watoto wote watakuwa wekundu hafifu, kwa kuwa jeni ya wekundu haiishindi kabisa ile ya kijani. Nao wafunge ncha za maua kwa uzi kila jioni ili wajichavushe wenyewe. Wajukuu ndio wenye habari: robo wekundu kweli, nusu hafifu, robo kijani. Jua la saa saba likikuchanganya macho, hesabu wekundu wote pamoja. Uwiano unakuwa 3 kwa 1.

Tuseme una wajukuu 20: wekundu 12, kijani 8. Ulitarajia 15 na 5. Kwa kila kundi chukua tofauti, izidishe kwa yenyewe, gawa kwa ulichotarajia, kisha jumlisha: 0.6 na 1.8, yaani 2.4. Hiyo ndiyo kai mraba, kipimo alichokitoa Karl Pearson mwaka 1900. Kwa makundi mawili mpaka wa kawaida ni 3.84, chini ya hapo huna haki ya kuikataa 3 kwa 1. Lakini vigelegele subiri kwanza! Jaribu 1 kwa 1 kwa miche ileile: unapata 0.8. Nayo imepita. Miche 20 humkubalia kila mposaji.

Basi panda 200. Ukipata 120 na 80, uwiano uleule, 3 kwa 1 inatoa 24, na 1 kwa 1 inatoa 8. Zote zimeanguka, na hapo ndipo utamu ulipo: katafute kijani kimezidi wapi. Maotea ya msimu uliopita? Uzi uliokatika, nyuki akaingia? Au msaidizi wako, wakati wa kupunguzia, aling'oa miche myekundu akidhani inaumwa?

Nakusihi jambo moja: usiuguse mche unaokuharibia uwiano. Mwaka 1936 mtakwimu Ronald Fisher alizipima upya hesabu za Mendel, akaona zinakaribia mno matarajio, kana kwamba zilirekebishwa, na ubishi ukadumu miongo mingi. Nenda shambani na daftari, uandike rangi ya kila mche palepale, hata ule uliokanyagwa na ng'ombe wa jirani, mradi jani moja bado linaonekana.